Kiongozi Asiyefundishika Huwachosha Anaowaongoza



Kila unapokaribia uchaguzi wa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, swali linalosikika ni moja: nani apewe kiti? Watu hutazama nani ana sauti, nani ana gari la kubebea wagonjwa, nani nyumba yake ina uwanja wa kutosha kwa sala ya Jumamosi. Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lingepaswa kutangulia, huulizwa kwa nadra sana: huyu tunayetaka kumpa, anafundishika?

Napenda wiki hii tulitafakari swali hilo, kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya manung'uniko yanayozisumbua jumuiya zetu, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, haitokani na viongozi wabaya. Inatokana na viongozi wema walioacha kujifunza. Mtu alichaguliwa kwa haki, akaanza kwa bidii, akapendwa. Kisha siku moja akajiona amefika. Tangu siku hiyo anaongoza kwa yale aliyoyajua zamani, na wenzake wanachoka taratibu, bila hata kuweza kusema wamechoshwa na nini.

Maandiko Matakatifu yanatupa mifano miwili ambayo hatuisomi mara nyingi tunapozungumzia uongozi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa anaketi peke yake tangu asubuhi hadi jioni akiwaamua watu. Ni mtu aliyezungumza na Mungu katika kijiti kilichowaka moto, ni mtu aliyewavusha watu bahari. Anakuja mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, mtu wa nje ya taifa lile, anamtazama siku moja tu na kumwambia kwamba jambo analolifanya si jema, atajichosha yeye na watu wake. Achague watu waaminifu agawane nao kazi. Musa hakumjibu kwamba yeye ndiye aliyeuona moto. Alisikiliza, akafanya. Mfano wa pili uko katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Apolo wa Aleksandria alikuwa msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, naye alihubiri Efeso kwa moyo wote; lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akwila, mke na mume, washona mahema, walimsikia, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Msomi alikubali kufundishwa na mafundi, na mmoja wao mwanamke. Kanisa la Korintho lilifaidika baadaye na Apolo huyo aliyekubali kukaa chini.

Angalieni kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Wote wawili walikuwa viongozi waliokwisha kukomaa. Kujifunza kwa kiongozi si dawa ya wasiojua kitu. Ni wajibu wa wale hasa wanaojua, kwa kuwa wao ndio walio katika hatari ya kudhani kwamba yamekwisha.

Hapa kwetu Tanzania tunaye mtu ambaye maisha yake yanalieleza jambo hili kuliko hotuba nyingi. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1943, baada ya kufuata mafundisho kama mkatekumeni yeyote. Alisoma Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi na shahada mwaka 1952. Kwa wakati ule huyo alikuwa mtu aliyefika. Mwaka 1953 akaanza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mlimani pale ambapo wengi wenu hupita mkienda kuhiji.

Lakini shule iliyomfanya kiongozi haikuwa ile aliyofundisha. Ilikuwa mjini, kilomita zaidi ya ishirini kutoka Pugu, Kariakoo na Gerezani, katika baraza za wazee wa Dar es Salaam. Wazee hao, wengi wao Waislamu, wengi wao wasio na cheti chochote cha shule za Kizungu, ndio waliomfundisha kijana yule wa Kizanaki namna watu wa pwani wanavyozungumza, wanavyosubiri, wanavyokataa bila kutukana na wanavyokubaliana bila kuandikiana. TANU ilikuwa na Baraza la Wazee, na Mwalimu aliliheshimu. Alipokuwa anang'atuka mwaka 1985 aliwaaga wazee wa Dar es Salaam kwa shukrani, akikumbuka jinsi walivyompokea. Mtu mwenye shahada alikubali kuwa mwanafunzi wa watu wasio na shahada, na Mkatoliki akafundishwa na Waislamu. Sisi tunaoishi Temeke na Kinondoni, mlango kwa mlango na ndugu zetu Waislamu, tungefanya vema kulikumbuka hilo kila tunapodhani kwamba hekima inapatikana ndani ya ukuta wetu peke yake.

Hata alipokuwa na madaraka makubwa hakufunga daftari. Wiki sita tu baada ya Uhuru, Januari 1962, alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akazunguka nchini kuimarisha chama na kukaa karibu na watu. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu kuuawa kwa Julius Caesar. Wengine wangesema Rais ametafsiri Shakespeare, yatosha. Yeye aliirudia kazi ile, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Kisha, baada ya kustaafu, mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 74, zilichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho tenzi zake za Injili nne na za Matendo ya Mitume. Mzee aliyekwisha kuongoza nchi kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa bado anahesabu mizani za mashairi na kutafuta neno la Kiswahili litakalobeba Habari Njema bila kuimwaga.

Simtaji hapa ili tumtangaze mtakatifu kabla ya Kanisa kufanya hivyo. Mchakato wake ulianzishwa na Jimbo la Musoma mwaka 2005, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu; tuuombee na tungoje. Wala sisemi kwamba kila alilolifanya lilikuwa sawa. Wako wazee katika parokia zetu wanaokumbuka jinsi watu walivyohamishiwa vijijini, mara nyingine kwa nguvu, na kumbukumbu zao hazipaswi kufunikwa kwa sifa. Namtaja kwa sababu ya jambo jingine ambalo kwa kiongozi ni gumu kuliko kusoma vitabu, nalo ni kujifunza kutokana na uamuzi wake mwenyewe uliokwenda vibaya.

Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na mwaka 1976 vikafutwa vyama vikuu vya ushirika. Nia iliyotajwa ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba huduma za miji zilizorota, na mkulima akapoteza chombo alichokizoea cha kuuzia mazao yake. Mwaka 1982 zilipitishwa sheria za kuvirudisha vyote viwili. Na mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alisema waziwazi katika mahojiano yaliyochapishwa kwamba kama angeanza tena asingeyafanya mambo hayo mawili: asingefuta serikali za mitaa, wala asingefuta ushirika. Aliyataja kwa majina yake. Hakusema tu kwamba sisi sote ni binadamu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kiongozi anayejifunza na kiongozi anayehudhuria semina. Anayehudhuria semina anarudi na cheti na fulana. Anayejifunza anarudi na kitu atakachokiacha. Baada ya Kwaresima, baada ya semina, baada ya mwaka mzima wa uongozi, mwulize kiongozi wako: ni jambo gani ulikuwa unalifanya mwaka jana ambalo sasa umeacha kulifanya? Asipokuwa na jibu, vyeti vyake ni mapambo ya ukuta.

Kanisa linayo mifano ya namna hiyo tangu zamani, tena katika Afrika. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo inaitwa Algeria, alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, karibu mwaka 426 na 427, alikaa akavipitia vitabu vyake kimoja baada ya kingine na kuandika ni wapi aliteleza au alisema pasipo uangalifu. Alikuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa la Magharibi, naye angeweza kuiacha kazi hiyo kwa maadui zake. Aliona kwamba ni heshima kwa wasomaji wake waijue kutoka kwake.

Nanyi msidhani kwamba mafundisho haya ni ya walei tu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 279, inawataka makleri waendelee na masomo matakatifu hata baada ya kupewa upadre. Miaka mingi ya seminari si akiba ya kula hadi kufa. Padre anayehubiri kwa madaftari ya seminari aliyoyafunga siku ya upadrisho anawapa watu chakula cha jana, nao wanakitambua hata kama kwa adabu hawasemi.

Najua yapo mapingamizi, nayo ni ya haki kuyasikiliza. La kwanza huja kutoka kwa wazee walioanzisha vigango vyetu. Wanasema: sisi tuliongoza tangu Misa ikisomwa chini ya mwembe, tangu kanisa likiwa la mabati makuukuu, leo tufundishwe nini? Ndugu zangu, heshima yenu haipunguki hata kidogo. Mlijenga kwa matofali mliyoyabeba vichwani. Lakini tazameni mahali mnapoongoza. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Wengi wa hao waliongezeka huku pembezoni kwetu. Jumuiya iliyokuwa ya kaya kumi na mbili zilizojuana kwa majina ya watoto leo ina wapangaji wanaohama kila baada ya miezi sita, vijana wanaorudi kazini saa nne usiku, na wajane wasiojulikana na jirani wa pili. Uzoefu wenu ni wa kweli, ila ni uzoefu wa jumuiya ambayo haipo tena kama ilivyokuwa. Hii iliyopo mnahitaji kujifunza upya, na wa kuwafundisha ni hao hao wapangaji na vijana.

Chukueni jambo dogo la michango. Zamani mweka hazina alikuwa na daftari, watu wakatoa shilingi mkononi mwake, kila mmoja akaona jina lake linaandikwa. Leo rambirambi zinatumwa kwa simu, kwenye namba binafsi ya kiongozi, zinachanganyika na fedha za ada ya mtoto wake na za mzigo wa duka lake. Huenda hakuna senti iliyoibiwa. Lakini asipojifunza kutenganisha namba, kutunza kumbukumbu za miamala na kuisoma taarifa mbele ya wanajumuiya kila mwezi, siku ya msiba hesabu haitatimia na hakuna atakayeamini kwamba alikuwa mwaminifu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 537, inadai kila parokia iwe na kamati ya fedha. Busara hiyohiyo haina budi kushuka hadi kwenye jumuiya. Anayeumia hapo ni nani? Si mwenyekiti. Ni mama aliyefiwa Jumanne, anayehitaji jeneza na usafiri Jumatano, na anaambiwa asubiri kikao. Ndiyo maana nasema kwamba kuacha kujifunza si udhaifu wa mtu binafsi wa kumwonea huruma tu. Mzigo wake humwangukia maskini.

Pingamizi la pili huja kutoka kwa wale wasio na elimu kubwa ya shule, hasa akina mama wa WAWATA ambao mara nyingi ndio wanaobeba jumuiya mabegani. Wanasema: Padre, mimi niliishia darasa la saba, nitajifunza nini tena? Kwa hawa najibu kwa historia. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 waliobaki hawajui kusoma walikadiriwa kuwa mmoja hivi kati ya kumi. Bibi zetu walikaa kwenye viti vya wajukuu wao.

Aidha, mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu kifupi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Vikundi hivyo viliongozwa na watu kama 75,000 waliopewa mafunzo mafupi tu. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, nao hawakuwa na kazi ya kuhutubia. Walisikiliza pamoja na wenzao, wakauliza swali, wakahakikisha kwamba baada ya maneno kazi inafanyika. Mkiutazama vizuri utaratibu huo, mtaona ni ndugu wa ule wa jumuiya zetu, ambazo Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka hiyohiyo ya 1970: kusikiliza Neno, kutazama maisha yetu, kuamua, kutenda. Kiongozi wa namna hiyo hahitaji shahada. Anahitaji masikio, na ujasiri wa kusema mbele ya watu kwamba hili silijui, tuulizane. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kwa kiongozi, kutouliza ni dhuluma.

Lipo pia pingamizi la tatu, ambalo halisemwi kwa sauti. Kiongozi anaogopa kwamba akionekana anajifunza, atadharauliwa. Na akimfundisha makamu wake yote anayoyajua, atanyang'anywa kiti. Woga huu naujua unavyofanya kazi. Ndio unaofanya funguo za ofisi zikae mfukoni mwa mtu mmoja, orodha ya wanajumuiya ikae kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo akiugua, jumuiya nzima inaugua. Kiongozi aliyejifunza kweli anajulikana kwa idadi ya watu wanaoweza kufanya kazi yake akiwa hayupo.

Basi, kwa vile tafakari isiyogusa ardhi ni moshi tu, naomba kupendekeza mambo machache kwa wanaofikiria kugombea na kwa watakaowachagua. Mgombea ahudhurie mafunzo ya viongozi yeye mwenyewe, kabla ya uchaguzi, wala asitume mwakilishi. Kila kiongozi awe na kitabu kimoja anachokisoma, hata kurasa mbili kwa juma, kianze na Injili. Kila mwezi amtembelee mwanajumuiya mmoja ambaye haji tena, amwulize sababu, na asijitetee. Asikilize tu, anywe chai, arudi. Kila mwaka asimame mbele ya jumuiya, aseme jambo moja alilolibadili na aliyemfundisha kulibadili. Na muhula wake ukiisha, akabidhi daftari, funguo na namba ya simu ya michango siku hiyohiyo, kisha akae safu ya nyuma awe mwanajumuiya mwema. Kukaa safu ya nyuma nako ni darasa, na wengi wetu hatujalisoma.

Nanyi mnaochagua, msikwepe sehemu yenu. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaomfunga kiongozi. Akisema hajui, tunacheka. Akibadili msimamo, tunamwita kigeugeu. Tunamsifu anayejibu haraka na kumdharau anayesema atakwenda kuuliza. Kisha tunashangaa kwa nini viongozi wetu hawakubali makosa. Jumuiya inayotaka kiongozi anayejifunza lazima iwe mahali ambapo kujifunza hakuaibishi.

Mtakatifu Luka anatuambia kwamba Bwana wetu mwenyewe, akiwa kijana Nazareti, aliendelea kukua katika hekima. Ikiwa Mwana wa Mungu alikubali kukua, akakaa miaka mingi katika karakana ya seremala kabla ya kuwaita wanafunzi wake, ni nani kati yetu atakayesema amekwisha kukua kwa sababu amekuwa mwenyekiti kwa mihula miwili?

Juma hili, kabla ya sala ya jumuiya, kila kiongozi amtafute mtu mmoja anayemwamini na kumwuliza: katika uongozi wangu, ni nini ambacho bado sijakijua? Kisha anyamaze, asikie jibu hadi mwisho.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki ninyi na familia zenu.